Mzee Habbo Dirksen na Tuta la Westerhamm

Mchungaji, ndugu, majirani wa Westerhamm, na nyinyi mliokuja kwa baiskeli kutoka vijiji vya mbali na upepo huu usoni, familia imetutuma tuwasomee maisha ya mpendwa wetu, na mwenyewe aliagiza tusilie sana, kwa kuwa ardhi hii ina maji ya kutosha.

Marehemu Habbo Dirksen alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 hapa hapa Westerhamm, mtoto wa pili wa Mzee Eilt, mfugaji wa ng'ombe, na Bi Wiebke. Alianza shule ya kijiji mwaka 1957, mwanafunzi wa kawaida tu, lakini usiku wa tarehe 16 Februari 1962 bahari ilivunja tuta la zamani, ule ukuta wa udongo unaoizuia isituingie, ikafika hadi jikoni, yeye na dada yake wakapandishwa darini, wakawasikia ng'ombe wa baba yao wakilia zizini hadi waliponyamaza, na tangu hapo alikuwa na neno moja tu, kwamba asitokee mtoto mwingine wa Westerhamm wa kulala darini kwa hofu ya maji.

Alisomea ujenzi wa matuta na mifereji mjini Oldenburg, akahitimu mwaka 1974, na Julai 1975 akaajiriwa na Chama cha Tuta. Mwaka 1984 ulianza mradi wa kuinua na kupanua tuta mbele ya vijiji vyetu saba, wakubwa wakasema utachukua miaka thelathini, wenye akili wakajua ni zaidi, kwani tuta hufunguliwa kiangazi tu, na dhoruba za Oktoba zisikute shimo lolote wazi. Habbo alipewa usimamizi, akaanzia palipokuwa dhaifu zaidi, kijiji chake mwenyewe akakiweka mwisho, na watu wa hapa walimsema hadi mlangoni pa kanisa, naye akiwaitikia kwa kuvua kofia.

Sasa tuta linakula udongo wa mfinyanzi, na udongo mzuri kuliko wote ulikuwa chini ya malisho ya Bi Geske Ubben, mjane mwenye binti mmoja, Talea, na Bi Geske alikuwa amekataa katakata, kwa sababu enzi za babu yake walikuja, wakachimba, wakaahidi kufukia, wakaenda zao, na ndama wakazama shimoni. Majira ya baridi ya mwaka 1996 Habbo alikwenda kumbembeleza, akakaribishwa chai, na sote tunajua kwamba mgeni akitosheka hutia kijiko kikombeni, la sivyo mwenye nyumba anaendelea kumimina, basi Habbo akakilaza kijiko kwenye sahani akakiacha hapo, na Bi Geske, ambaye hajawahi kumpisha mtu, akamimina, juma hilo, na lililofuata, na lililofuata tena, hata kijiji kikawa kinacheka kwamba Habbo atapasuka kabla ya tuta. Mwishowe Bi Geske akauliza nani atahakikisha safari hii malisho yanarudishwa, naye akajibu kwamba ni yeye.

"Wewe unakaa ng'ambo ya mfereji, nitakupatia wapi?"

"Basi nihamie hapa, Mama Talea, unichunge mwenyewe."

Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1997 katika kanisa hili, Talea akapata baba, na mwaka 1999 akazaliwa Onno. Udongo ulichimbwa, malisho yakarudishwa, na ndama wanalisha pale hadi leo.

Alistaafu mwaka 2016 kipande cha Westerhamm kikiwa bado, na mwaka 2018 moyo ukaanza kumsumbua, madaktari wakamwamuru apumzike, naye akapumzika kwa namna yake, kila kiangazi akibeba kiti chake na kwenda kuwasumbua wenye mitambo, maana aliogopa jambo moja, kwamba dhoruba kubwa itafika kabla kazi haijaisha. Oktoba 2021 kipande hicho cha mwisho kilikamilika, tuta likafungwa, tukalikagua kwa miguu kama kila mwaka, tukala sukumawiki na soseji, na Habbo akaongeza sahani ya pili, daktari wake akitazama.

Tangu mwaka 1975 hakuna dhoruba iliyomkuta kitandani, zote alizikesha juu ya tuta na tochi yake. Tarehe 18 Februari 2022 ilipokuja ile kubwa, alivaa buti, akaketi karibu na jiko kusubiri maji yajae, na usingizi ukamchukua. Asubuhi tulikuta mstari wa matete ulioachwa na bahari ubavuni mwa tuta, juu kuliko kilele cha tuta la zamani, na jikoni kwetu kukiwa kukavu, naye akamwakia mkewe kwa kutomwamsha.

"Nikuamshe ufanye nini, Habbo? Kijiji kizima kimelala."

Alicheka hadi akakohoa, na mwaka mzima uliofuata kila aliyepita dirishani alisimuliwa jinsi Mzee Habbo alivyolala. Moyo wake ulisimama nyumbani tarehe 11 Aprili 2023, mkewe na watoto wake wakiwa naye.

Familia inawashukuru madaktari aliowakaidi, wauguzi waliomvumilia, majirani mnaoleta sufuria bila kuulizwa, wenzake wa Chama cha Tuta, na kondoo wanaolishindilia lile tuta kila siku kwa kwato zao. Mzee Habbo, pumzika kwa amani, maji yamebaki nje.