Kashindye Chenge, Aliyejua Tikiti kwa Kuligonga (1944–1982)

Wazee wangu, majirani, na ninyi mliotoka Kirumba na Nansio kuja kumzika mama yetu, shikamooni. Mimi ni Bernadeta Ngosha, mtoto mkubwa wa marehemu, nina miaka kumi na mitano. Baba hakujaliwa kusoma, na mjomba amesema sauti yake haitafika mwisho wa karatasi, kwa hiyo nitasoma mimi, na mtanisamehe nikisimama kidogo njiani.

Mama yetu, Josepha Kashindye Chenge, alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 katika kitongoji cha Ilalambogo, kandokando ya ziwa, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Chenge na Bibi Milembe, ambao walilima matikiti kwenye ule udongo unaobaki na unyevu maji ya ziwa yanapopungua. Alianza shule mwaka 1953, akasoma hadi darasa la nne, akafaulu, lakini shule ya darasa la tano ilikuwa mbali na kaka zake walikuwa wametangulia kusomeshwa, hivyo alirudi shambani, na tangu hapo kila alipokutana na mtoto aliyevaa sare alimsimamisha na kumuuliza, "Leo mmefundishwa nini?", akasikiliza jibu lote mpaka mwisho.

Kazi yake alifundishwa na babu yetu, Mzee Chenge. Babu alimwambia asidanganywe na ukubwa, atazame ule uzi uliojikunja karibu na kikonyo, ukiwa umekauka na tikiti bado liko kwenye mmea wake, basi limeiva, kisha aligeuze aone mahali lilipolalia ardhi, pakiwa peupe aliache, pakiwa na rangi ya samli alichukue, na mwisho aligonge kwa kidole. Bichi linalia kama ubao, lililoiva linalia kama mtu anayekuitikia akiwa ndani ya nyumba, na lililopita wakati linalia kama gunia lililolowa, halijibu kitu.

Tarehe 14 Septemba 1963 alifunga ndoa na baba yetu, Bwana Ngosha Shimba, wakajaliwa watoto watano, wawili wa kwanza wakafariki wakiwa wachanga, tukabaki mimi niliyezaliwa mwaka 1967, Shimba wa mwaka 1971, na Milembe wa mwaka 1975.

Septemba 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia yetu ilihamia hapa karibu na Buhongwa, mashamba ya ziwani yakawa mbali, na mama akaanza kununua matikiti ya watu wa Nansio yanayoshushwa pale soko la Mwaloni, Kirumba, ili ayauze mjini. Pale hakuna mmea wala uzi wa kutazama, tikiti limekwisha katwa na kusafiri, kilichobaki ni sikio. Mama aligonga mara moja tu, hakurudia. Bibi Jasuben wa duka la vitambaa, ambaye yupo nasi leo, alikuwa akimwambia, "Kashindye, mimi nina macho tu, nichagulie wewe," na mama akamjibu, "Macho ni ya kununulia vitambaa, mama," wakacheka wote wawili.

Alianza kukohoa Novemba 1979, na Januari 1980 aligundulika kuwa na kifua kikuu. Siku ya kwanza daktari alipomgonga mgongoni kwa vidole ili asikilize mapafu, mama alicheka hadi akashindwa kupumua, akamwambia, "Daktari, polepole, mimi bado sijaiva." Daktari alimweleza wazi kwamba sindano za ugonjwa huo zinaweza kudhuru masikio, naye alizikubali kwa sababu Milembe alikuwa hajafikisha hata miaka mitano. Alichomwa kila siku kwa miezi miwili, kikohozi kikaondoka, masikio nayo yakaondoka, ilipofika Juni hakusikia hata kengele ya kanisa.

Julai mwaka huohuo niliacha shule, nikiwa darasa la sita. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kunifuata, na mara zote mbili mama alilia, lakini matikiti yalihitaji sikio, na lililokuwepo lilikuwa langu. Tulipatana kwamba mimi nitagonga naye atanitazama usoni, likiwa limeiva niitikie kwa kichwa, likiwa bichi au limepita wakati niinamishe macho.

Nasema kweli mbele yenu na mbele yake, sikujua. Mara ya kwanza nilichagua matikiti kumi na moja kwa sababu vikonyo vyake vilikuwa vimekauka, nikasahau kwamba tikiti likishakatwa kikonyo hukauka hata likiwa bichi. Mteja alipasua la kwanza, akapasua la pili, yote meupe, na soko zima likapiga kelele, "Binti wa Kashindye, haya maboga yako unauzaje?" Mama hakusikia kelele, lakini aliona vinywa vyao. Jioni alinikalisha chini, akagongesha kidole changu kwenye tikiti, akaniuliza linasemaje, nikajaribu kumweleza, naye hakuweza kujua kama nasikia sawasawa, kwa kuwa hakusikia tikiti wala maneno yangu. Tulikaa hivyo miaka miwili, na wateja wakatuacha mmojammoja.

Mei mwaka huu kikohozi kilirudi, na tarehe 2 Agosti alilazwa. Jumatano tarehe 11, saa nne asubuhi, daktari alimgonga tena mgongoni, nami nilikuwa nimesimama karibu na kitanda. Juu paliitika. Chini, upande wa kulia, hapakujibu kitu, ilikuwa sauti ya gunia lililolowa, nikaitambua kabla daktari hajainua mkono, na kwa mara ya kwanza sikuwa na shaka hata kidogo. Mama hakumtazama daktari. Alinitazama mimi usoni, kama sokoni. Nikaitikia kwa kichwa, kama kwa tikiti zuri. Akanishika kile kidole cha kugongea, akasema kwa sauti kubwa kama wasemavyo wasiosikia, wodi nzima ikageuka, "Bado hujajua kuchagua, mwanangu."

Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 12 Agosti 1982, saa tisa alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakumficha lolote, majirani mliotupikia na kutuchotea maji siku hizi tatu, akina mama wa Mwaloni mliofunga biashara zenu leo, na Bibi Jasuben ambaye aliendelea kununua kwetu hata yale meupe. Baba anaomba mtuvumilie. Wadogo zangu sasa wananitazama mimi, na katika sauti zote alizotaka nizijue nimejifunza moja tu, hiyo ya mwisho.

Mama, lala kwa amani, hatakugonga mtu tena.