Nani Alikula Viazi vya Angani

Esteria alikaa nyuma ya vijana wawili kwenye Kosta ya Makambako, na kabla gari halijatoka Njombe mjini alishajua kuwa ni wachumba na kuwa hawaelewani.

"Nilipoamka nikakuta stoo ya chombo tupu," alisema binti. "Viazi vyote vimeliwa. Nikafa njaa, Yoramu."

Esteria alimchungulia marehemu. Alikuwa mzima kabisa, amevaa sweta. Ndipo akaona simu mkononi mwake, na kwenye kioo chombo cha angani kikielea kati ya nyota. Kumbe gemu.

"Labda viliharibika," alisema Yoramu.

"Viazi haviozi mle. Na mle chomboni tulikuwa mimi na wewe tu."

"Peace, si gemu tu hilo?"

"Ndiyo maana nakuuliza. Kama ulivila sema, nicheke yaishe. Mbona unaficha?"

Yoramu aligeukia dirishani akaanza kusifia miparachichi ya watu. Esteria, aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi, alizijua sifa za namna hiyo.

Gari likasimama Makambako.

"Mama anatusubiri tupange siku ya harusi," alisema Yoramu taratibu. "Twende basi."

"Tangulia wewe," alijibu Peace, wala hakuinuka kitini.