Kadi Niliyoipaka Mafuta

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Semeni tena, maana leo nahitaji nguvu: Bwana asifiwe! Mimi ni Nafula, binti wa Mzee Wafula, yule dereva wa lori. Nyumbani ni hapa Jinja, ualimu nausomea Mbale. Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikatoa ushuhuda, na leo nimekuja kuurekebisha. Sikujua kama nadanganya, lakini niliwadanganya.

Mnakumbuka nilisema Mungu amenifungulia mlango? Watu wa benki walikuja chuoni na meza yao na fulana za bure. Nikajaza fomu, nikapewa kadi. Nikaiingiza kwenye mashine, ikaandika milioni moja! Ndugu zangu, sikuwa nimeweka hata shilingi! Nilijua kuna kitu cha kulipa kila mwezi, lakini wenyewe walikiita kiasi cha chini, nami nikakichukulia kama shukrani tu. Nikatoa laki moja, fungu la kumi kamili, nikaileta hapa. Mkapiga makofi. Kanisa likanunua maiki, hii hii niliyoishika.

Nikanunua simu, viatu, na godoro la chumba changu kule Nabuyonga, Mbale. Kila mwezi nilipeleka kile kiasi cha chini, mara nyingine nimechelewa, na deni halikupungua. Likaongezeka! Nilichanganyikiwa kabisa. Nikasema ni mapepo. Nikamshuku jirani yangu wa chumba cha pili, msichana wa watu ambaye hajawahi kunikosea, nikaacha kumsalimia. Nikafunga siku tatu, deni likabaki pale pale.

Kisha baba akanitumia karo. Nikaipeleka yote kwenye kadi, nikifikiri nitaitoa tena kabla ya mtihani. Kumbe sehemu kubwa ilimezwa na riba na adhabu za kuchelewa! Bila karo, hakuna mtihani. Na baba alikuwa barabarani anaendesha lori akijua binti yake anasoma.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilichukua mafuta ya upako, nikaipaka ile kadi pande zote mbili, nikaiombea kwa machozi, nikaenda nayo kwenye mashine. Ikaingia vizuri sana. Haikutoka! Nikamkimbilia askari wa mlangoni: "Afande, mashine imekula kadi yangu!" Watu wa benki walipoitoa, yule askari aliishika akajipangusa vidole. "Dada, hii iko na mafuta ya nini? Ulikuwa nakula chapati?"

Nikapelekwa ndani kwa karani mmoja, Hadija, dada wa Kiislamu. Aliifuta kadi wala hakunicheka. Akachukua karatasi. "Dada, hii milioni haikuwa yako hata siku moja. Ni mkopo. Ukitoa pesa taslimu, riba inaanza siku ile ile. Ukilipa kiasi cha chini, kinachobaki kinaendelea kuzaa. Nunua kile unaweza kulipa chote mwisho wa mwezi, ama usinunue." Nikamuuliza, na mapepo je? Akaitazama karatasi yake, akasema hajaona mahali pa kuyaandika.

Nilimwambia baba. Nilitamani anichape. Akasema tu, "Nafula, mwanangu, mbona hukuniuliza?" Alikwenda chuoni mwenyewe, kofia mkononi, akawasihi. Wakakubali alipe kidogo kidogo, nikaufanya mtihani, nikafaulu! Likizo yote nilikaanga samaki wa kuuza pale Wanyange, kando ya ziwa, nikilipa lile deni. Mwezi uliopita nimelimaliza. Haleluya!

Lakini ndugu zangu, bado nimechanganyikiwa, sitawaficha. Je, Mungu ndiye aliyetumia yale mafuta kuizuia kadi, au ni mafuta tu? Sijui! Nilifunga, nikakemea, na aliyenifungua macho ni dada ambaye hasali nasi, akiwa na kalamu na karatasi. Wengine mmeniambia niichome kadi. Sijaichoma. Nanunulia vitabu tu, na sinunui kabla pesa yake haijawa mkononi mwangu. Jirani yangu nilimwomba msamaha. Alishangaa, hakuwa amejua kama tumegombana.

Wewe kijana uliyepewa kadi, mtumaini Mungu kwa moyo wote, halafu nenda ukaulize! Kuuliza si kukosa imani. Mimi niliogopa kuuliza nikaona bora nifunge.

Mama mweka hazina alitaka kunirudishia ile laki moja. Nimekataa, kwa sababu sasa maiki hii imelipiwa kweli, kwa samaki. Na leo nimeleta fungu langu la kumi la wiki hii. Ni elfu sita. Msipige makofi, tafadhali. Ila mjue tu kwamba hii, ndugu zangu, ni yangu.