Mabakuli Matatu ya Gogo Moja

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, aliyenifikisha siku ya leo nikiwa na mume wangu na vidole vyangu vyote kumi!

Mimi ni Rebeka Kadzo, mke wa Zakaria Mwaringa, wa hapa hapa Junju. Mwalimu Stefano ameniambia niandike ushuhuda wangu kwanza ndipo niusome, maana nikisimama kusema tu nitaanza na neema ya Mungu nitamalizia kwa mbuzi wa jirani. Basi nimeandika. Herufi nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa hiyo nikikwama kwenye neno nisubirini kidogo, nitalivuka.

Ndugu zangu, Zakaria wangu alikuwa mkereza mti. Kazi aliipata Malindi kwa fundi Velji, Mhindi aliyekuwa akikereza miguu ya vitanda. Velji alimpenda, akampa keezo lake kuukuu, tukaja nalo huku. Wasiolijua keezo wasisumbuke, ni kitu chepesi kukieleza: nguzo mbili fupi, mti unashikwa katikati na misumari miwili, na ukanda wa ngozi umezungushwa. Mmoja anauvuta ukanda huku na huku, mti unazunguka. Mwenzake anashika patasi, anakata. Mvutaji nilikuwa mimi. Miaka ishirini! Nilikuwa na mikono kama ya mchukuzi wa bandarini. Tulizungumza, tulitaniana, tulinuna, yote tukiwa kwenye ukanda ule. Nikimwomba patasi hata mara moja, Zakaria alicheka, akasema, "Mama Dama, huu si mwiko."

Sasa sikilizeni. Katika nyumba ya kina Mwaringa, binti akiolewa hutoka na mabakuli matatu ya gogo moja. Hayachongwi mbalimbali. Fundi anaingiza patasi yenye ncha iliyopinda kama ndoano, anakata mduara kuelekea chini, anafuata tumbo la bakuli la nje, mpaka lile la ndani linabaki limeshikwa na kitovu tu, kijiti chembamba chini katikati. Analigonga, linatoka. Na ndani ya hilo anatoa jingine tena. Siku ya arusi mama mkwe huyapanga moja ndani ya jingine, akayazungusha polepole mpaka mishipa ya mti ikutane, itoke kwenye kubwa, ipite la kati, iingie dogo. Ikikutana, wanawake hupiga vigelegele. Ya dukani hayakutani, hata uyazungushe mpaka jioni.

Dama wetu alipochumbiwa na Daudi Chengo wa Kikambala, ilikuwa miaka ile Wazungu walipokuwa wakipanda miti ya mpira kule Magarini. Zakaria alikata mfenesi aliopanda mama yake, akapata vipande vitatu vizuri, akavizika kwenye tope la kisimani visikauke. Kabla hajavifukua, ndui ikaingia nyumbani.

Mungu alimwacha Zakaria hai, ndugu zangu, lakini macho yakaenda. Yote mawili.

Alilala akigeukia ukuta. Nikimpelekea uji, unapoa. Watu wa Kikambala ni watu wema, walituma neno kwamba mabakuli si kitu, Dama aende tu. Zakaria aliposikia hivyo alisema, "Basi hata hilo nimesamehewa kama mtoto. Nimebaki kuwa mzigo. Nizikeni." Alisema kwa sauti ndogo, na mimi nilimjua, mtu huyu hakuwa akitafuta kubembelezwa. Alikuwa akifa kwa kukusudia.

Nikajiambia, nitayatoa mabakuli haya. Akiyashika mkononi atainuka. Nikafukua kipande cha kwanza, nikampa Dama ukanda avute, nikashika patasi. Miaka ishirini nimetazama! Kuna nini nisichokijua?

Kipande kilipasuka kabla ya adhuhuri. Ndoano iliuma mti, ukaruka, ukagonga mlango wa banda la kuku.

Mama Sidi, jirani yangu, alikuja kutazama. Nampenda sana, yuko pale nyuma na anajua nitakalosema. Alisimama mlangoni akasema, "Mama Dama, unakereza au unapasua kuni? Kama ni kuni, nigawie." Nikacheka, lakini moyoni niliungua. Kesho yake nikachukua cha pili, nikabana patasi kwa nguvu zaidi, nikafika mpaka karibu na kitovu cha bakuli la kwanza. Paa! Kikawa vipande viwili. Sasa watu wakaanza kunong'ona kwamba mti umekataa mkono wa mwanamke. Na mimi, ndugu zangu, nisiwafiche, nilianza kuamini.

Kikabaki kimoja.

Nilikiweka kwenye keezo nikashindwa kuinua patasi. Dama alikuwa ameshika ukanda, machozi yanamtoka kimya, mtoto wa watu, akifikiri sioni. Hapo nikapiga magoti kwenye takataka za mbao. Sikuwa na maneno mazuri. Nikasema kwa sauti, "Bwana Yesu, wewe ulikuwa seremala! Unaujua mti. Mimi umenishinda na mume wangu anaondoka. Nifundishe, au niletee anayejua!"

Nikasikia kitu kinasugua ukuta kwa nje. Mkono wa mtu. Zakaria anakuja, anapapasa ukuta, miguu inayumba kwa njaa. Akasimama mlangoni.

"Dama, nipe ukanda, mwanangu."

Nikasema, "Baba Dama, utaanguka!"

"Nikianguka nitakuwa nimeketi. Rebeka, siku mbili nimelala nasikiliza. Mti unalia mara mbili. Unatakiwa kulia mara moja."

Sikuelewa. Akasema, "Ukanda ukivutwa kwako, mti unakuja, unakata. Ukirudi, mti unarudi nyuma. Wewe unakata hata ukirudi. Hupumziki."

Ee Mungu wangu! Nilikaa chini. Ni kweli. Miaka ishirini mvutaji anavuta kuja, anavuta kurudi, mikono haijui kuacha. Mikono yangu ilifunzwa ukanda, haikufunzwa patasi. Miaka yote ile Zakaria alikuwa akiinua patasi kidogo sana, kiasi cha unywele, na mimi sikuwahi kuliona hilo kwa sababu nilikuwa nikijivutia tu.

Akaketi kwenye kigogo, akaanza kuvuta. "Kata," akasema. "Acha. Kata. Acha." Mkono wangu ulikuwa mkaidi, ukataka kubana tena. Akanikemea, "Acha! Ule wa kurudi si wako, ni wangu. Niachie!" Ndugu zangu, nilipoinua mkono ule, nilijikuta nalia, na sikujua kwa nini. Kata, acha. Kata, acha. Maganda ya mbao mbichi yakaanza kutoka marefu, ya manjano, yananukia fenesi.

Alipojua kwa sikio kwamba tumefika kwenye kitovu, akasimamisha ukanda, akasogea akapapasa, akagonga mara moja kwa kiganja. Bakuli likatoka. Tukatoa na la pili. La tatu, lile dogo, niliteleza kidogo nikaacha kovu pembeni. Nikaomba radhi. Zakaria alipitisha kidole kwenye lile kovu, akacheka. Kicheko cha kwanza tangu ndui! Akasema, "Mwiko wako umepita hapa." Kisha akasema, "Nitilieni uji humu. Nina njaa." Haleluya! Mimi na Dama tuligongana mlangoni tukikimbilia jikoni.

Siku ya arusi kule Kikambala, mama yake Daudi aliyapanga mabakuli mkekani, akaanza kuyazungusha. Zakaria aliketi karibu nami, ameshika mkono wangu. Yeye hakuweza kuona mishipa ya mti. Alikuwa akingoja kusikia. Uwanja ulikuwa kimya, na kila kidole chake kilikuwa kimenibana mpaka mifupa ikauma. Kisha vigelegele vikapigwa! Mkono wake ukalegea wote ndani ya wangu, akasema polepole, "Yamekutana."

Tangu siku hiyo yeye huvuta, mimi hukereza. Mabakuli mengi mliyo nayo majumbani mwenu yametoka kwetu.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye hofu na akamtoa mume wangu ukutani. Na wewe uliyekuja leo umebana jambo lako kwa nguvu zote, mchana kutwa, hupumziki, nalo linazidi kupasuka mkononi: ndugu yangu, inua mkono kidogo, kiasi cha unywele. Ule wa kurudi ni wa Bwana. Mwachie! Mimi nimejaribu, na mume wangu yule pale benchi ya tatu, amenona, anatikisa kichwa eti nimesema mengi.

Dama ameleta mabakuli. Pitisheni mkono kwa mkono, mtazame mishipa inavyokutana, na mguse kovu langu kwenye lile dogo. Yametoka matatu, ndugu zangu. Yarudi matatu.