Maua ya Mwalimu Shulha

Mgeni rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu, Padri, walimu, majirani, na wewe Zlata, binti wa mwalimu, uliyekubali kuketi mbele ingawa hukutaka kuja:

KARIBU ZAVERBOVE

Mgeni rasmi, mkate na chumvi vya kukaribisha mgeni umeshavipokea mlangoni, na supu yetu ya borshi inachemka. Utuwie radhi kwa baridi ya ukumbi. Jenereta linatosha kuwasha kipaza sauti tu.

MWALIMU WETU

Lukian Demydovych Shulha alitufundisha jiografia, sisi na watoto wetu. "Nyie, mbona mnaiogopa ramani? Inang'ata?" Alitutembeza kuufuata mto hadi chanzo chake, tukarudi tumeoga tope, mama zetu wakamjia juu. Akawajibu, "Wafueni tu, hawachuji hawa!" Harusini alipiga ngoma, na alipiga vibaya, wala hakuna aliyethubutu kumpokonya. Mkewe alipofariki alimlea Zlata peke yake. Alimsuka mwenyewe, msuko mmoja juu mwingine chini, akamleta shule hivyo hivyo huku akijisifu.

Vita ilipokuja alikwenda bila kuitwa. Vuli ya mwaka juzi kikosi chake kilipigwa. Tangu hapo hayumo miongoni mwa walio hai, wala miongoni mwa waliozikwa.

TULIYOYAWEZA

Ni machache. Tumeziba madirisha ya shule kwa mbao. Tumechonga jiwe la kumbukumbu ulilokuja kulizindua.

KINACHOTUSUMBUA

Kwetu maua ya aliye hai hutolewa witiri, matatu au matano. Ya marehemu huwa shufwa. Siku ya Walimu iliyopita tulipeleka maua nyumbani kwake bila kushauriana vizuri, nayo yalikuwa sita. Zlata aliyahesabu pale pale mlangoni, akachomoa moja, akawatupia bata.

"Kwa hiyo baba yangu mmeshamzika nyie?"

Jirani yake, Bibi Paraska, akamwambia, "Mwanangu, lia basi, upumzike."

"Nimlilieje, bibi? Nimlilie mtu ambaye labda yuko mahali ana njaa?"

Tulirudi nyumbani kila mtu kivyake, na hadi leo tukikutana naye njiani hatujui tumpe pole au tumpe moyo. Mgeni rasmi, tuseme kweli, hata kama yeye anasikia: wengi wetu tumeshakata tamaa. Tusamehewe na Zlata, na tusamehewe na mwalimu.

OMBI

Tuliandika kuhusu barabara, na kuhusu jenereta. Tumeyafuta. Zlata alitoa damu yake ilinganishwe na miili iliyorudishwa kutoka vitani, na kila akiuliza anaambiwa asubiri. Fundi wa jiwe amechonga mwaka wa kuzaliwa, akaweka patasi chini, akasema mkono wake hauendelei mbele.

Tunakuomba usilifunue leo. Rudi wilayani ukatutafutie jibu, hata liwe baya, hata liwe mfupa mmoja wa kuzika. Ukilipata, usitukusanye tena ukumbini. Nenda moja kwa moja kwa Zlata, umwambie yeye peke yake. Sisi wengine tutajua tutakapomsikia akilia.

Mungu akufikishe salama, na kila aliye kwenye baridi usiku wa leo amwonyeshe njia ya mlangoni kwake.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Mwalimu Shulha, wakubwa kwa wadogo, pamoja na wakazi wote wa Zaverbove.