Mpangaji wa Shingoni

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, na lina sheria moja: mgonjwa haamui peke yake. Kikombe cha kwanza cha kahawa husikiliza dalili, cha pili humtafuta mkosaji, cha tatu hutoa hukumu. Ndivyo tulivyotibu meno, mafua na ndoa mbili. Leo mgonjwa alikuwa Kinyozi mwenyewe. Alitakiwa kurudi hospitali kabla ya saa sita akapimwe damu tena, na alitaka tumruhusu asiende.

Anakula chakula cha watu wawili, lakini suruali inamshuka. Wenzake wakijifunika, yeye anatafuta feni. Moyo humwenda mbio amekaa. Na mikono yake, mikono iliyokuwa ikimnyoa mtoto aliyelala bila kumwamsha, sasa inatetemeka. Daktari alimweleza kwamba mbele ya koo kuna tezi ndogo inayoupangia mwili mwendo, na ya kwake imeongeza mwendo kidogo. Hakumpa dawa, maana huenda ikatulia yenyewe. Apunguze kahawa, asimeze dawa za kuokoteza, moyo ukizidi asingoje miadi, na arudi kupimwa. Kahawa alikuwa ameshapunguza. Siku hizi anakunywa ya kwangu.

— Wakinianzishia dawa, akasema, mtaa mzima utajua naumwa. Nani ataniachia shingo yake tena?

Injinia, anayetengeneza jenereta, akaweka kikombe chini.

— Jenereta ikiunguruma sana huipeleki hospitali. Unaipunguzia mafuta. Kula kwa kijiko cha chai, polepole, mpaka tezi ione aibu. Haraka haraka haina baraka.

— Nimejaribu, kaka. Nimezidi kukonda.

— Basi dawa imeshaingia.

Wakili akacheka. Jina hilo tulimpa sisi. Kazi yake ni udalali wa nyumba. Kwake yeye, tezi ile ni mpangaji mkorofi: anapiga kelele usiku, anawasha moto chumbani, na hana mkataba.

— Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu anachumia kivulini, chini ya kidevu. Kosa hilo.

Akasimama, akainamia koo la Kinyozi, akalisomea notisi kwa sauti ya baraza: atulie au ahame mwisho wa mwezi. Mimi nikaishika shingo yake, niwe shahidi. Kinyozi akameza mate. Koo likapanda, likashuka.

— Mmeona? Wakili akasema. Ameitikia.

Kikombe cha tatu kikatoa hukumu: mpangaji amekubali, Kinyozi ni mzima, haendi popote. Kinyozi akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima. Akaingia ndani, akatoka na wembe, akaufungua mbele yetu ili tuuone mkono uliopona. Wembe ukacheza juani kama samaki aliyetolewa majini.

— Usijali, Injinia akamfariji. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vyako vinacheza vyote vitano, vitavunja wangapi?

Hapo akafika kijana mmoja, mgeni mtaani, ndevu za wiki. Akatuamkia. Akakitazama kiti cha kunyolea, kitupu. Akatutazama sisi watatu, ambao tangu mkono ule uanze kutetemeka tulikuwa tumeota ndevu kama uzio usiofyekwa.

— Wazee wangu, nani anafuata?

Injinia akachungulia ndani ya kikombe. Wakili akasema mke wake anazipenda ndevu zake siku hizi, akasema kwa sauti ndogo, si ya baraza. Mimi nikagundua kwamba nimekishika kidevu changu kwa mikono miwili.

Kinyozi alitutazama ndevu kwa ndevu. Hakuna aliyesogea. Akaukunja wembe taratibu, akavua koti lake jeupe, akalitundika msumarini.

— Hawa hawamo kwenye foleni, mwanangu, akamwambia kijana. Anayefuata ni mimi.

Akashika njia ya hospitali.