Manang Pet na Dengue Isiyo na Homa

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya hospitali yetu hapa Iloilo, Bi Perpetua Golez anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti. Sisi madaktari tunamwita Manang, dada mkubwa, kwani ametukaripia sote bila kujali vyeo.

Nimeombwa niandike mimi, eti kwa kuwa namjua vizuri. Kweli namjua, ila yeye ananijua zaidi, na hapo ndipo penye aibu.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, msimu wa mvua, wodi zilijaa wagonjwa wa dengue. Mzee Crisanto, mpishi wa supu ya batchoy, alikuwa amebadilishwa goti na anachomwa heparini ili damu isigande. Siku ya saba chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, zikaanguka kutoka laki mbili na elfu arobaini hadi elfu sabini. Dengue nayo hushusha chembe hizo, hivyo mimi bingwa nikaitamka nikiwa mlangoni. Nikaagiza chandarua na chembe za kumwongezea. Mkewe akaleta maji ya majani ya mpapai, tiba ya kienyeji ya dengue, nami nikampongeza.

Manang Pet akazizuia chembe hizo, akapanda ghorofa tatu na majibu ya wiki nzima mkononi.

“Dok, huyu mzee hana homa. Mbu wako ana adabu kiasi hicho?”

“Manang, si ndio msimu wake?”

“Msimu ni wa mbu, sindano ni zako. Na mguu wa kushoto umevimba. Umeutazama?”

Sikuwa nimeutazama. Dawa ya kuzuia damu kuganda ilikuwa imeuchochea mwili kuzishambulia chembe zake, zikawa zinaganda mguuni huku zikipungua, na kumwongezea nyingine kungekuwa kutia kuni motoni. Nikasimamisha sindano, nikampa dawa ya aina nyingine, nikajiona mwerevu. Kesho yake chembe zikashuka tena.

“Na heparini mnayosukuma kwenye mrija wa mshipani ili usizibe,” akauliza Manang, “hiyo mnadhani ni maji?”

Tukaiondoa. Siku ya tano chembe zikaanza kupanda, na daktari wa upasuaji akaacha kuzungumzia kuukata ule mguu uliovimba.

Mwezi uliofuata niliueleza mkasa huo mbele ya madaktari wa mkoa mzima. Walinipigia makofi, wakanipa cheti. Jina la Manang sikulitaja, naye alikuwa ameketi safu ya nyuma, anapiga makofi kama wenzake. Naona haya hadi leo.

Asante, Manang. Pumzika, ule vizuri, uwe na afya tele. Mzee Crisanto anatembea kwa miguu yake miwili, na aliyeuokoa ule wa kushoto ni Perpetua Golez.